Weupe wa Kwanza

Daktari aliyemfuata nyumbani alimaliza kufungua bendeji. "Utando niliokutia jichoni una chembe zinazonasa mwanga na kujifunza kama ubongo. Kwa sasa utaona cheupe na cheusi tu, Bi Mwanamwema."

Baada ya miaka kumi ya kiza, vidoa vya mwanga vilicheza mbele yake, vikakusanyika, vikawa mtu. Alikuwa bintiye, aliyehamia kwake Michenzani mwezi juzi, mumewe aliposafiri na meli. Tangu siku hiyo hata dukani hatoki.

"Unaniona, mama?"

Alimwona. Mtandio na nguo nyeupe tangu utosini mpaka miguuni, kama mwanamke aliyekaa eda. Masikio matupu, hana hata vipuli.

"Mumeo hajambo?"

"Hajambo. Jana kapiga simu, anakusalimu."

Bi Mwanamwema aliushika ule mtandio mweupe, asiuachie.

"Kazikwa wapi?"