Shuka la Mfumaji

Mgeni alibisha hodi nyumbani kwetu Bawshar, Omani, wakati mama na shangazi za mchumba wangu wakinywa kahawa sebuleni. Nikamfungulia. Alikuwa mzee wa Kijerumani, ameshika shuka kuukuu. Kidole gumba chake kilipapasa ukingo mwekundu wa shuka hilo.

"Naitwa Weber," alisema kwa Kiarabu cha kujifunza. "Nimelinunua hili sokoni Matrah. Muuzaji kaniambia aliyelifuma aliishi hapa."

Jina hilo nililisoma miaka minne chuoni, katika vitabu vya sosholojia. Maana yake sikuwahi kuuliza; nikamuuliza yeye.

"Ni mfumaji," alisema akicheka. "Wazee wetu walifuma, jina likabaki kuwa la ukoo. Kwetu limejaa milangoni, kwa waoka mikate na kwa maprofesa. Halifichwi."

Sisi tuliuficha ufumaji wa babu, kwani kwetu mfumaji huhesabiwa mtu duni. Wageni wa sebuleni waliambiwa babu alikuwa tajiri wa karafuu Unguja. Kabla hajafa, babu alinishika mkono kwa vidole vilivyochanwachanwa na nyuzi. "Wakikuuliza, mjukuu wangu, usinikane." Nikamuahidi.

"Mwambie kapotea nyumba," mama yangu alininong'oneza. "Nnakuomba, mwanangu. Washaanza kusikiliza."

Kweli, sebuleni walikuwa wametega masikio. Na mimi nilimpenda mwana wao.

Nilimwomba mzee anipe shuka. Nikaingia nalo, shingo imenyooka, nikalitandaza mapajani mwa mama wa mchumba wangu.

"Hili kalifuma babu yangu, bi mkubwa. Alikuwa mfumaji."