Anayeogopa Maji

Waziri aliuma meno. Maji yakamteremka kidevuni, yakalowesha kanzu, naye akageuzia uso ukutani.

"Mumeona wenyewe," akasema mama yake, Zaituni. "Jini haitaki maji ya Kurani."

Mikono ya mwanawe ilikuwa imefungwa kitandani kwa kitenge. Waziri fundi cherehani, ambaye pale sokoni Muyinga aliwachekesha wateja mpaka wakasahau kwamba nguo zao zimechelewa, sasa haongei. Mate yalimtoka kama mtoto anayeota meno. Jasho lilimtiririka, na nyama za mashavu ziliruka-ruka zenyewe.

Shakila, mdogo wake, ndiyo kwanza alikuwa ameshuka kwenye gari kutoka Gitega, anakosomea uuguzi. Hakuketi. Alimshika kaka yake mkono, akasikiliza mapigo, akamfunua kope. Mboni zilikuwa ndogo, ndogo kama mbegu za ufuta.

"Tangu lini hanywi?"

"Tangu juzi," akajibu Salama, mke wa Waziri. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. "Kinachoingia ni kile tunachomlazimisha. Kula yake, kunywa yake, mi mwenyewe. Sikubali mtu mwingine amguse, wifi. Anaona haya."

"Mi nilishasema, iko na jini ya Gashoho," mama akadakia. "Tangu aseme anataka kuongeza bibi wa pili kule, mwili ukaanza kuisha. Wanawake wa kule wanafuga majini kama kuku."

Salama akainamisha kichwa. "Mama, hayo mi nilishamsamehe."

Shakila alisikia, lakini akili yake ilikuwa darasani. Mwalimu Egidius aliwaeleza vizuri ule ugonjwa wa mbwa mwenye kichaa. Unaingia kwa jino, unapanda ndani ya mshipa wa fahamu polepole, kama mtu anayepanda kilima na mzigo kichwani. Mgonjwa anakula, anafanya kazi, hajui kitu. Ukifika kwenye ubongo, mate yanajaa, nyama zinaruka, koo linakaza kila anapoona maji. Hapo hakuna dawa tena. Mwalimu huyo huyo aliongeza kwamba dalili ni mtoto mwenye baba wengi, msimkabidhi kwa wa kwanza anayebisha hodi. Lakini mwalimu hakuwa na kaka aliyefungwa kitandani.

"Kuna mbwa alimuuma?"

"Mbwa gani tena?" Mama akacheka bila furaha. "Sisi ni watu wa mbwa? Shule inakupeleka wapi, we mtoto?"

Kisha Salama akasema, chini kabisa, "Kulikuwa na mbwa. Kule Buhinyuza, alipopeleka sare za wanafunzi. Alinionyesha mkwaruzo, akasema nisiwaambie, mtamcheka."

Shakila akamfunua kaka yake miguu. Hakuona kovu. Mkwaruzo hupona, akajiambia.

"Mama, hii si jini. Apelekwe hospitali leo, na nyinyi wote mliogusa mate yake mkachanjwe."

"Kesho anavuka mpaka kwenda kwa mganga. Nilishaongea na watu."

"Nikikuonyesha kwa macho yako, utakubali?"

Mama akafikiri, akavuta ushungi wake. "Nionyeshe. Mi sikusoma, lakini macho iko."

"Jini inaogopa Kurani peke yake, si ndiyo? Ugonjwa huu unaogopa maji yoyote. Wifi, tuletee maji matupu, yasiyosomewa."

Salama akasita kidogo mlangoni, halafu akatoka.

Walipokuwa wakimngoja, Waziri alikuwa ameikodolea macho chupa ya maji ya safari iliyochungulia kwenye mkoba wa dada yake. Alilamba midomo. Hata chupa tupu inamtisha, Shakila akawaza.

Maji yakaja kwenye kikombe cha plastiki, yananukia. "Nimetia marashi ya waridi," akasema Salama. "Yanamtuliza."

Shakila akasogeza kikombe. Waziri akakitazama, akamtazama mkewe, akakitazama tena. Koo likakaza, miguu ikasukuma kitanda.

"Umeona, mama?"

"Nimeona umemkurupusha kama mbuzi wa machinjo," mama akasema. "Mtu hapewi kinywaji hivyo. Anayempa anaonja kwanza, ndiyo roho ya mwenzake inatulia. Hilo nalo wamewafutia huko Gitega? Salama, onja umpe."

"Nimefunga, mama. Nalipa siku zangu za Ramadhani."

"Basi mi nitaonja," Shakila akasema. Barabara ilikuwa na vumbi na jua, na koo lake lilikuwa kavu. Akanywa zaidi ya nusu kwa mara moja, akampanguza kaka yake jasho, akamsogezea yaliyobaki. "Kaka, ni maji tu. Tazama, nimekunywa."

Waziri akaacha kusukuma kitanda. Akamtazama dada yake usoni, na machozi yakaanza kumtoka. Nyuma yao Salama alikuwa amenyoosha mkono, amechelewa. Akakichukua kikombe taratibu, akachungulia ndani.

"Hayo hayakuwa yako, wifi," akasema.