Dakika Mbili za Turbo

Aliingia uani kwa dada yake, alikokuwa akiuguzwa baba yao mahututi, akiwa ameokoa nusu saa nzima njiani. Gari lilikuwa limeruka kama mshale. Hakuzima injini.

"Ukifika, usizime papo hapo," fundi alimwonya siku alipomfungia turbo ya pili, kile kifaa cha kuipa injini nguvu zaidi. "Iache ingurume dakika mbili ipoe. Ukizima ikiwa ya moto, oili inaungulia ndani, na hii nayo utaizika." Ya kwanza ilikufa hivyo hivyo, ikaondoka na injini.

Dada yake akatokea mlangoni, mikono imelowa maji.

"Kaka, shuka basi! Baba anakuulizia wewe tu."

"Naja, dada. Dakika mbili tu, ipoe."

Dada akamkodolea macho, akarudi ndani mbio.

Yeye akabaki kitini, vidole kwenye ufunguo, macho kwenye saa ya mkononi. Dakika ya kwanza ikapita.

Dada akatoka tena, safari hii polepole. Akainama dirishani.

"Iache tu ipoe, kaka," alisema. "Hakuna haraka tena."

Zilikuwa zimebaki sekunde kumi na moja. Akazisubiri.