Chupa ya Nyapara

Phelix Oyoo alibandua karatasi yenye jina la Mosoti kwenye chupa ya damu, akaibandika kwenye chupa ya damu yake mwenyewe. Karatasi yenye jina lake mwenyewe akaihamishia kwenye chupa ya damu ya Mosoti.

Miaka mitatu alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika hospitali ya shamba la chai, huko Kericho, na hajawahi kukosea chupa. Leo pia hakukosea.

Mosoti alikuwa nyapara. Mwaka uliopita, 1956, Loice mke wa Phelix aliposhikwa na uchungu akichuma majani, Mosoti alimwambia, "Jaza kikapu kwanza, mama." Mtoto alizaliwa katikati ya michai, akafa kabla kengele ya saa sita haijalia.

Tangu hapo Phelix alikonda. Chakula hakikumpanda mpaka akimwagie chumvi, Loice akimkemea, "Mzee, hii chumvi ni ya mwezi mzima!" Watu walisema ni majonzi. Yeye alijua ni chuki, na aliilea vizuri.

Sasa Mosoti naye alikuwa hoi, kila mara anazimia. Daktari Mzungu alishuku kwamba damu yake imepungukiwa na kotisoli, homoni inayoupa mwili nguvu.

"Mtu akikosa hiyo, anakufa pole pole," alimweleza Phelix. "Lakini siku hizi dawa iko. Toa damu yake saa mbili asubuhi, wakati kotisoli iko juu. Toa yako pia, wewe uko na afya, watu wa Nairobi walinganishe."

Haya, walinganishe! Nyapara aonekane mzima kama ng'ombe dume, anyimwe dawa, afukuzwe kwa uvivu, akafie kwao mbele ya watoto wake.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Daktari alitoka mbio na barua mkononi, akaamuru Mosoti apakiwe kwenye gari, apelekwe Nairobi siku hiyo hiyo akaanzishiwe dawa.

Phelix aliduwaa. "Kwani barua inasema nini, bwana?"

"Kotisoli yake karibu hakuna kabisa. Mtu wa hivyo hukonda, hutamani chumvi kila saa. Bila dawa, hafiki Krismasi." Daktari akampigapiga begani, akacheka. "Wewe usiogope, Phelix. Chupa yenye jina lako haina shida yoyote."