Nguchiro na Pazia la Simu

Kaa kitako wewe mjuaji, hii hujaisikia. Ndani ya simu moja Nguchiro, fundi mwenye mbio na majivuno, alining'inia kwenye pazia lililo nyuma ya kioo akichora picha za mchezo. Chini yake alikaa Fuko, asiyeona vizuri, wasiwasi mtupu. Simu ikiita, Tembo huja kulibeba pazia akishahesabu tatu, na mchoraji anayebebwa nalo harudi. Kumshusha ilikuwa kazi ya Fuko.

Simu ikaita.

“Shuka, mwanangu! Tembo huyo!”

“Nishashuka, mzee mwoga!”

“Moja,” Tembo akahesabu.

Fuko akaganda. Sauti ya Nguchiro ilikuwa imetoka juu.

“Umeshuka kweli?”

“Nikwambie mara ngapi? Mwache alichukue!” Kumbe bado anamalizia mkia wa farasi.

“Mbili.”

 Fuko akapapasa, akaligusa kopo la rangi, akalipiga teke.

“Rangi yangu, mchawi wewe!” Nguchiro akaruka chini kuiokoa.

“Tatu.” Pazia likang'olewa lote.

Nguchiro akatazama pale alipokuwa akining'inia. Palikuwa giza tupu. Domo lote likamkauka.

“Mzee Fuko,” akanong'ona, “ikiita tena, niite mapema kidogo.”