Kamba ya Nyegere

Enzi hizo wanyama wakienda sokoni kama watu, Nyegere alinunua kamba ya katani ya kupandia mizinga, nene, imesokotwa ikasokoteka. Bei ilimtoa jasho. Jirani yake Ngiri, aliyefungia kuni kamba za mgomba, leo hii kesho nyingine, alicheka mpaka akakaa chini.

"Bwana wewe, umenunua kamba au umeoa?"

"Cheka tu, shemeji. Zako zinaoza ukizitazama. Hii watairithi wajukuu!"

Msimu wa asali ukafika, na ndani kwa Nyegere watoto walikuwa wanalia njaa. Akaishika kamba yake, akaipangusa, akaionea huruma. Aiburuze kwenye magome, ichubuke? Thubutu! Akairudisha ukutani, akaenda kwa Ngiri kuazima ya mgomba.

Kupanda alipanda. Wakati wa kushuka, kamba ikakatika pu! Nyegere chini, asali yote mchangani, nyuki juu yake.

Ngiri akaja mbio. "Masikini jirani yangu! Na ile ya katani je?"

Nyegere akainua uso uliovimba kama andazi.

"Ile salama kabisa," akasema. "Haina hata mkwaruzo."