Upande wa Kilua

Fundi Mahimbo hakuwa na ngazi yake, hakuwa na gari, hakuwa na kibao cha dukani, wala bima. Ngazi aliazima, vioo alivipeleka kwa miguu, na mji mzima ulimjua bila kibao. Bima ndiyo iliyomkwamisha: bila hiyo, madirisha ya hospitali mpya angepewa fundi mwingine.

“Shikamoo, mzee. Kioo kikubwa mnabeba watu wangapi?” aliuliza binti wa ofisi ya bima.

“Marahaba. Wawili.”

“Na mwenzako nani?”

Mahimbo akairudisha kalamu mezani.

“Anayebeba peke yake hatumkatii bima, baba.”

Zamani alibeba na fundi mwenzake, Kilua. Walipita sokoni na kioo katikati yao, akina mama wakijitazama humo na kurekebisha mitandio, Kilua akipaza sauti: “Jitazameni leo bure, kesho tunatoza!” Kisha kioo kimoja kikavunjika ngazini, kila mmoja akasema mwenziwe ndiye aliyeachia, na Kilua akahamia mji mwingine.

Jioni ile Mahimbo aliandika: “Ndugu yangu Kilua, labda ni mimi niliyeachia. Njoo ushike upande wako.”

Bahasha haikuwa na gundi. Akamega puti, ule udongo laini wa kushikizia kioo kwenye fremu, akaifunga nao na kuukandamiza kwa dole gumba. Ndivyo walivyomalizia kila dirisha, kila mmoja na dole lake.

Akaitumbukiza bahasha kwenye sanduku la posta, alama ya dole ikiwa bado mbichi, na pembeni yake pamebaki nafasi ya dole la pili.